Bei ya Dawa ya Kisukari Imebadilika: Namna ya Kujua Kilichobadilika

Mama yangu ana kisukari aina ya pili, na hesabu ya dawa zake naiandika mimi katika daftari la jalada gumu ambalo hukaa juu ya friji nyumbani kwetu Igoma, Mwanza. Mwezi mmoja nililifungua nikaona kwamba insulini peke yake ilikuwa imetugharimu mara tatu ya mwezi uliotangulia. Nikarudi famasi na risiti mbili mkononi, nikiwa nimekwisha kupanga maneno makali. Mfamasia aliyekuwa dirishani alizitazama risiti zote mbili, akaniuliza, "Kaka, mwezi uliopita mama alichukua chupa au kalamu?" Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwahi kuiangalia risiti zaidi ya jumla iliyoandikwa chini kabisa. Kumbe mwezi wa kwanza tulinunua chupa moja ya mililita 10, na wa pili tukapewa kasha la kalamu tano za kuchomea insulini, kila moja ya mililita 3, kwa kuwa chupa zilikuwa zimeisha. Dawa ile ile, kiasi tofauti, chombo tofauti, na dirishani hapakuwa na bei yoyote iliyopanda.

Mwongozo huu umetokana na daftari hilo. Bei unayotajiwa dirishani ni mkusanyiko wa mambo kadhaa, na kila moja hupanda au kushuka kwa sababu yake, kwa hiyo kabla ya kuhama famasi, kugombana na mtu au, jambo baya kuliko yote, kumpunguzia mgonjwa dozi, ni vema ujue ni jambo lipi hasa lililosogea.

Hatua ya kwanza: andika jina halisi la dawa

Kila kasha lina majina mawili. Lile kubwa ni jina la biashara, na lile dogo, ambalo mara nyingi huwa chini yake, ndilo jina la dawa yenyewe. Ozempic na Wegovy ni majina mawili ya dawa moja ya kisukari na uzito, semaglutidi, inayotengenezwa na kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark. Mounjaro na Zepbound nazo ni tirzepatidi ya kampuni ya Eli Lilly ya Marekani. Kinachowatenganisha ndugu hawa ni matumizi waliyoidhinishiwa na, kwa upande wa semaglutidi, kiwango cha dozi. Kule Marekani Ozempic iliidhinishwa mwaka 2017 kwa ajili ya kisukari na Wegovy mwaka 2021 kwa ajili ya uzito, na kwa muda mrefu bei rasmi ya Wegovy huko ilikuwa dola 1,349 kwa mwezi wakati Ozempic ikiwa karibu dola 1,000. Kwa hiyo anayekuambia kwamba "sindano ile" imeshuka au imepanda, mwulize kwanza ni ipi.

Kwa wengi wetu, hata hivyo, jambo hili lina faida zaidi kwenye dawa za kawaida. Metformini, kidonge cha kushusha sukari, hutengenezwa na viwanda vingi, na cheti cha daktari kilichoandikwa jina la dawa humruhusu mfamasia kukupa ile ya bei nafuu iliyosajiliwa, ilhali kilichoandikwa jina la biashara humfanya atafute kasha hilo hilo. Angalia pia vidonge vya mchanganyiko, ambavyo ndani yake mna metformini pamoja na dawa nyingine ya kushusha sukari. Ni rahisi kuvimeza, lakini mara nyingine bei yake huzidi ya vidonge viwili vilivyonunuliwa mbalimbali. Mwombe daktari akueleze kama kutenganisha kunafaa kwa mgonjwa wako.

Hatua ya pili: igeuze bei ya kasha iwe bei ya siku

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, na ndipo ninapomwomba msomaji achukue kalamu. Insulini inayouzwa huku kwetu kwa kawaida huwa na yuniti 100 katika kila mililita, na kiwango hicho huandikwa kwenye lebo. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000, na kasha la kalamu tano za mililita 3 lina yuniti 1,500. Tuchukue bei za mfano tu, ili hesabu iwe nyepesi: chupa shilingi 25,000, kasha la kalamu shilingi 75,000. Yuniti moja ya chupa inakuwa shilingi 25, na yuniti moja ya kalamu shilingi 50.

Mgonjwa anayechoma yuniti 24 asubuhi na 12 jioni hutumia yuniti 36 kwa siku. Akitumia chupa, siku moja humgharimu shilingi 900. Akitumia kalamu, atapaswa pia kumwaga yuniti 2 kila kabla ya kuchoma, ili kutoa hewa na kuhakikisha sindano inapitisha dawa, hivyo kwa siku kalamu itatoa yuniti 40, yaani shilingi 2,000. Kwa mgonjwa huyu chupa ni nafuu kwa zaidi ya nusu, na itamalizika siku ya ishirini na saba au ya ishirini na nane.

Sasa mchukue mgonjwa mwingine, mwenye kuchoma yuniti 10 tu mara moja kwa siku. Insulini ikishafunguliwa haikai milele. Aina nyingi hutakiwa kutupwa baada ya wiki nne au zaidi kidogo, na kijikaratasi kilichomo ndani ya kasha ndicho chenye neno la mwisho. Tukichukua wiki nne, mgonjwa huyu atakuwa ametumia yuniti 280 na kutupa 720, kwa hiyo chupa ile ile ya shilingi 25,000 inamgharimu karibu shilingi 890 kwa siku. Kalamu moja, ambayo kwa bei zetu za mfano ni shilingi 15,000, itamtosha siku 25 pamoja na yuniti za kumwaga, sawa na shilingi 600 kwa siku, na kalamu nyingine zitabaki kwenye ubaridi bila kufunguliwa. Bei hazikubadilika hata senti moja, ila jibu limegeuka juu chini. Ndiyo maana ushauri wa jirani kwamba "kalamu ni ghali" au "chupa ni hasara" hauna maana mpaka aseme anachoma yuniti ngapi.

Ongeza juu yake bei ya sindano za kalamu au bomba za insulini, ambazo huuzwa peke yake na watu husahau kuzihesabu, pamoja na vijiti vya mashine ya kupimia sukari. Vijiti navyo vina ujanja wake: mashine huuzwa kwa bei ya kuvutia, kisha unakuta vijiti vyake ni vya mashine hiyo tu na vinapatikana famasi moja mjini. Kabla ya kununua mashine, uliza kwanza bei ya vijiti.

Hatua ya tatu: tofautisha kupanda kwa bei na kupanda kwa dozi

Dawa mpya za sindano za mara moja kwa wiki huanza kwa dozi ndogo ili tumbo lizoee. Semaglutidi huanzia miligramu 0.25 kwa wiki nne, kisha 0.5, na huendelea kupanda. Ya kisukari huishia miligramu 2, na ya uzito huishia 2.4 au zaidi. Tirzepatidi huanzia 2.5 na inaweza kufika 15. Pale ambapo kila dozi ina bei yake, mgonjwa huona bili ikipanda kila baada ya miezi michache bila muuzaji kugusa bei. Swali la kumwuliza daktari siku ya kwanza kabisa ni hili: dozi ya kudumu inatarajiwa kuwa ipi, na bei yake ni kiasi gani? Bajeti ipangwe kwa dozi hiyo, kwa sababu ile ya kuanzia haiwakilishi chochote zaidi ya mwezi wa kwanza.

Kisha zidisha kwa miezi kumi na miwili. Nasema hivi hasa kwa wale wanaotafuta sindano hizi kwa ajili ya kupunguza mwili. Watu waliofuatiliwa kitafiti baada ya kuacha semaglutidi walirudisha, kwa wastani, karibu theluthi mbili ya uzito waliokuwa wamepunguza katika mwaka mmoja. Anayejikamua anunue miezi mitatu kabla ya harusi ananunua matokeo ya muda mfupi kwa bei ya muda mrefu.

Hatua ya nne: pima habari za nje kabla ya kuzileta dirishani

Simu zetu zimejaa habari kwamba sindano hizi zimeshuka bei. Nyingi ni za kweli, ila ni za kweli huko zilikotokea. Marekani kuna bei rasmi, kuna bei wanayokubaliana makampuni na bima kwa siri, na kuna bei ya mtu anayelipa taslimu. Mwezi Novemba 2025 serikali ya nchi hiyo ilitangaza makubaliano na Novo Nordisk na Eli Lilly ya kushusha bei za dawa hizi kwa walio kwenye bima ya serikali na kwa wanaolipa wenyewe, na Novo Nordisk ikashusha bei yake ya taslimu, kwa dozi nyingi, kutoka dola 499 hadi 349 kwa mwezi. Hata dola 349, kwa mfano wa shilingi 2,500 kwa dola, ni zaidi ya shilingi 870,000, na anayestahili kuipata ni mkazi wa kule mwenye cheti cha daktari wa kule. Haimlazimishi muuzaji yeyote wa Mwanza.

Wakati huo huo Uingereza ilikwenda upande wa pili. Kuanzia Septemba 2025 Eli Lilly ilipandisha bei rasmi ya Mounjaro kwa wanaonunua binafsi, na dozi ya juu kabisa ikatoka pauni 122 hadi 330 kwa mwezi, ingawa waliokuwa wakiipata kupitia huduma ya afya ya umma hawakuguswa. Dawa moja, mwaka mmoja, nchi moja inashusha na nyingine inapandisha: bei hizi ni matokeo ya mapatano ya kampuni na kila nchi, na gharama ya kiwandani haina nguvu kubwa hapo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2024 ulikadiria kwamba semaglutidi ya mwezi mzima inaweza kutengenezwa kwa chini ya dola 5.

Habari ya nje ambayo mtu wa Kanda ya Ziwa anapaswa kuifuatilia ni ile ya hataza, yaani haki ya kampuni kutengeneza dawa peke yake kwa muda fulani. Hataza ya semaglutidi katika India, China na Brazil ilipangiwa ukomo wa Machi 2026, na sehemu kubwa ya dawa tunazomeza hutoka India. Ukomo huo hufungua mlango kwa viwanda vingine kuitengeneza, lakini kati ya kiwanda cha India na rafu ya famasi ya Barabara ya Kenyatta bado pana usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, pana muingizaji, na pana safari inayohitaji ubaridi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tirzepatidi yenyewe bado inalindwa kwa miaka mingi.

Mwezi Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza semaglutidi, tirzepatidi na wenzao katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari aina ya pili wenye unene uliokithiri pamoja na maradhi ya moyo au figo. Orodha hiyo huzipa serikali sababu ya kujadiliana bei na kuagiza kwa pamoja. Haileti dawa Bohari ya Dawa kesho yake asubuhi. Nakumbusha pia kwamba wagunduzi wa insulini waliuza hataza yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1923 kwa dola moja moja, na karne moja baadaye bado tunakaa mezani kupiga hesabu ya yuniti.

Hatua ya tano: angalia shilingi

Muingizaji hulipa kwa dola. Dawa inayomgharimu dola 20 huwa shilingi 48,000 dola ikiwa 2,400, na shilingi 54,000 dola ikiwa 2,700. Shilingi ikidhoofika bei hupanda upesi, ikiimarika hushuka taratibu, kwa kuwa famasi inamaliza kwanza mzigo ulionunuliwa kwa kiwango cha zamani. Ukisikia maelezo haya, uliza mzigo mpya unategemewa lini.

Hatua ya sita: fahamu nani mwingine anapaswa kulipa

Wanachama wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, wanakumbuka Machi 2024, kitita kipya cha mafao kilipoanza na baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha kwa muda kuwahudumia. Tangu hapo nimejifunza kuuliza maswali mawili ninapoambiwa dawa haipo kwenye bima. La kwanza: haipo kabisa kwenye kitita, au haitolewi katika ngazi ya kituo hiki? Dawa inayokosekana kituo cha afya inaweza kutolewa na bima katika hospitali ya mkoa ya Sekou Toure au ya kanda Bugando. La pili: imeondolewa, au imeisha tu? Cheti kikigongwa alama ya O/S maana yake imeisha stoo, na hapo unatakiwa kuuliza kituo kingine kinachokubali kadi hiyo kabla hujatoa fedha mfukoni.

Asiye na bima naye asikate tamaa mapema. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wanastahili msamaha wa gharama katika vituo vya umma, na dirisha la wazee lipo kwa ajili hiyo. Wanaohitaji uthibitisho waanzie ofisi ya mtaa na ustawi wa jamii. Watoto na vijana wenye kisukari aina ya kwanza wana mpango wa kupatiwa insulini bure kupitia kliniki zao. Mzazi anayenunua insulini ya mtoto dukani kila mwezi aulize kliniki ya watoto kabla ya kununua chupa nyingine.

Hatua ya saba: hesabu nauli, ubaridi na hatari ya bandia

Shangazi yangu hutoka Sengerema kuja kliniki. Kabla ya Daraja la J.P. Magufuli kufunguliwa Juni 2025, safari ya Kigongo na Busisi ilitegemea kivuko, na kukikosa kulimaanisha chakula cha njiani na pengine kulala mjini. Gharama hiyo haikuwahi kuonekana kwenye risiti ya dawa, ingawa kwake ilizidi bei ya metformini yenyewe. Kwa wa Ukerewe na visiwa vingine kivuko bado kipo, hivyo kuomba dawa ya miezi miwili au mitatu kwa mgonjwa ambaye hali yake imetulia ni punguzo la kweli.

Chupa iliyoharibika ni chupa uliyoinunua mara mbili. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na inayotumika hukaa mahali pa baridi, mbali na jua. Umeme unapokatika, au pasipo na friji, mtungi wa udongo unaotokwa jasho, dawa ikiwa imefungwa vizuri kwenye kikopo kikavu, husaidia sana. Ninachowakanya ndugu wa mwaloni, wanakoshushia samaki, ni kutumbukiza insulini kwenye barafu ya samaki: ikishaganda imeharibika, hata kama ikiyeyuka itaonekana safi.

Kuhusu bandia sitasema mengi. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani, nchi zenye ukaguzi mkali. Anayeuza sindano ya kupunguza mwili kwa picha za WhatsApp, bila cheti, bila ubaridi na kwa nusu ya bei, anauza kitu usichokijua. Nunua famasi yenye kibali, dai risiti, linganisha namba ya toleo na tarehe ya mwisho zilizo kwenye kasha na zile za kwenye kalamu, na ukiwa na shaka wapelekee TMDA, ambao wana ofisi ya kanda hapa Mwanza.

Hatua ya mwisho: peleka daftari kwa daktari

Daftari langu sasa lina safu saba: tarehe, jina halisi la dawa, dozi, ukubwa wa kifungashio, bei, bei ya siku, na aliyelipa. Siku ya kliniki nalifungua mbele ya daktari na kusema waziwazi, "Daktari, kiasi hiki kwa mwezi hatukiwezi." Nimeona kwamba sentensi hiyo hubadilisha mazungumzo, kwa sababu daktari ana njia ambazo mgonjwa hana: kubadili kalamu kuwa chupa, kuandika dawa jeneriki, yaani kwa jina lake halisi badala ya la biashara, kutenganisha vidonge, au kurudi kwenye dawa ya zamani iliyokuwa ikifanya kazi. Asichoweza ni kutibu dozi iliyopunguzwa kimyakimya nyumbani. Anayeacha insulini, hasa mwenye kisukari aina ya kwanza, anaweza kufika hospitalini hajitambui ndani ya siku chache, na semaglutidi au tirzepatidi ya kila wiki haiwezi kuchukua nafasi ya insulini yake.

Mama alirudishiwa chupa. Kalamu nne zilizokuwa hazijafunguliwa tulizimaliza kwanza, moja baada ya nyingine, na katika safu ya bei ya siku nikaandika ile ya kalamu kwa mwezi mzima ule kabla ya kurudi kwenye ile ya chupa.